Mombasa hadi Kilifi kwa baiskeli kupitia Rabai na Kaloleni: siku ipangwe kwa saa za shamba

Mwanzisha uzi

Wanajukwaa wenzangu, salamu nyingi kwenu.

Kila anayeuliza humu kuhusu safari ndefu ya baiskeli ya siku moja kutoka Mombasa huelekezwa njia ile ile: avuke daraja la Nyali, aishike barabara ya Malindi, apite Mtwapa na Vipingo, kisha atie nanga Kilifi. Ni karibu kilomita 60, na mwenye miguu mizuri huzimaliza kabla ya jua kukolea. Sina ugomvi na wanaoipenda njia hiyo kwa ajili ya mazoezi. Lakini anayetaka kuyaona mashamba ya pwani yetu, na kuwakuta wanaoyalima wakiwa kazini, hatayaona vizuri kwa kupita huko. Nimeanzisha uzi huu kuitetea njia ya ndani: kutoka kisiwani hadi Mazeras, kisha Rabai, Kaloleni, nchi ya Wajibana na Wachonyi, na kuteremkia Mavueni ambako barabara inaungana tena na ile ya Malindi, kilomita chache kabla ya daraja la Kilifi. Jumla yake ni chini kidogo ya kilomita 100.

Hoja yangu ni moja. Safari ya namna hii haipangwi kwa kilomita wala kwa kasi. Hupangwa kwa saa za shamba. Mkulima wa pwani ana saa zake za kupanda mnazi, za kupalilia, za kukaa kivulini na za kurudi tena shambani, na saa hizo zimewekwa na jua lile lile linalomchosha mwendesha baiskeli. Anayezifuata atakuta watu kazini kila anaposimama, na atapumzika wakati ambapo mwili wenyewe unataka kupumzika. Anayezipuuza atapita Rabai kungali giza, au atafika Kaloleni saa nane za mchana wakati kila mtu yuko kivulini, kisha atarudi mjini akisema kwamba bara hakuna cha kuona.

Ondokeni kisiwani alfajiri, mara baada ya swala, taa zikiwaka mbele na nyuma. Kipande cha Makupa, Changamwe na Miritini hadi Mazeras ndicho kibaya kuliko vyote katika safari nzima, kwa sababu mnagawana barabara na malori ya makontena yanayotoka bandarini, na dereva aliyekesha hana macho ya kumtafuta mtu wa baiskeli ukingoni. Asiyeitaka hatari hiyo aipakie baiskeli juu ya matatu hadi Mazeras na aanzie hapo. Hatakuwa amekosa chochote, ila labda kuona jinsi ardhi inavyobadilika. Kisiwani tunaishi juu ya matumbawe. Ukishapita Changamwe unakanyaga udongo mzito unaonata matairini mvua inaponyesha, na ukifika Mazeras, zaidi ya mita 100 juu ya bahari, unakuta jiwe la mchanga, lile linalopasuliwa vibamba na kuletwa mjini kutandikwa nyuani. Kila udongo una mazao unayoyakubali, na ndiyo maana mashamba ya njia hii hayafanani na yale ya ukingoni mwa bahari.

Mazeras mnaiacha barabara ya Nairobi na kushika ya Rabai, na kelele zinakatika papo hapo. Mkifika mapema, jumba la makumbusho la Krapf bado litakuwa limefungwa, nami nashauri msilisubiri kama siku yenu ni ya mashamba. Inatosha kujua kwamba Johann Ludwig Krapf na mwenzake Johannes Rebmann waliweka makao yao ya umisheni hapo mwaka 1846, na kwamba Warabai walikuwa na kaya zao, yaani miji yao ya kale ndani ya msitu, katika vilima hivyo zamani kabla ya hapo. Misitu ya Kaya za Wamijikenda iliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2008. Mtaitambua kwa mbali: mashamba yanakwisha ghafla na miti mikubwa ya porini inaanza, imesongamana, haijaguswa na shoka. Msiingie na baiskeli, na msiingie kabisa bila idhini ya wazee. Huo ni mji wa mababu zao na mahali pao pa ibada.

Kutoka Rabai hadi Kaloleni ndio moyo wa siku, na hapa nawaomba mwende polepole hata kama miguu inataka kukimbia. Minazi imejaa pande zote mbili za barabara, na chini yake kuna mahindi, mihogo na kunde, kwa sababu mnazi mrefu hauzuii jua lote na mkulima hawezi kuiacha ardhi iliyo chini yake ikae bure. Asubuhi ndiyo saa ya wagema, watu wanaotoa tembo, ile pombe ya mnazi. Mgema hupanda kwa vidato vilivyochongwa katika shina, kibuyu au dumu likining'inia kiunoni pamoja na kotama, kile kisu chake kilichopinda. Akifika juu hukaa katikati ya makuti, hufungua chombo kilichofungwa kwenye karara, yaani shada la maua ya mnazi ambalo halijafunguka, hulimimina tembo lililodondoka usiku kucha, kisha hukata ncha ya karara kipande chembamba sana, chembamba kiasi cha kupitisha mwanga. Hapo ndipo ustadi ulipo. Akikata kingi, karara litakwisha kabla ya wakati wake. Akikata kidogo mno, kidonda kitaziba na utomvu hautatoka. Atarudi jioni kufanya vivyo hivyo, na kesho, na keshokutwa, mti hadi mti. Mimi si mnywaji na sitamshawishi mtu anywe, lakini sijaona kazi nyingine ya shamba inayodai mkono mwepesi kiasi hicho mita nyingi juu ya ardhi bila kamba.

Na kuna hesabu ndani yake ambayo mpita njia haioni. Karara linalogemwa halizai nazi. Kwa hiyo kila mwenye shamba ameamua ni minazi ipi itoe tembo, ambalo linauzwa leo leo, na ipi iachwe izae nazi, ambazo zitasubiri karibu mwaka mzima tangu ua hadi kukomaa. Ukijua hivyo, unaweza kulisoma shamba ukiwa juu ya baiskeli: minazi yenye vyombo vilivyofungwa juu ni ya matumizi ya kila siku, na ile iliyobeba vitale na madafu ni ya akiba, ya karo na ya mahari.

Saa tano hivi muwe Kaloleni, na hapo msimame mpaka saa tisa. Ndiyo, ni saa nyingi, lakini hakuna mkulima atakayekuwa shambani muda huo, nanyi hamna la kufanya barabarani. Tafuteni mkahawa unaopika sima na mtsunga. Mtsunga ni mboga chungu ya kienyeji inayoota mashambani bila kupandwa. Ikitiwa tui la nazi uchungu wake hupungua bila kwisha, na mtu aliyetoka jasho tangu alfajiri huula vizuri kuliko mboga yoyote ya mjini. Wanaouza mihogo ya kuchoma watawauliza kama mnataka chumvi na pilipili. Semeni ndiyo kwa vyote viwili.

Saa tisa jua linaanza kulegea na majembe yanarudi mashambani. Kuelekea Mavueni barabara inapanda na kushuka, na minazi inaanza kupisha mikanju, miti ya korosho. Mkanju mzee unatambaa zaidi ya unavyorefuka, matawi yake yamelala karibu yaguse chini, na chini yake panakuwa baridi na safi kwa sababu majani yaliyoanguka hayaruhusu magugu. Wareno ndio walioleta mti huu pwani yetu kutoka Brazil, na kwa muda mrefu korosho zilikuwa ndizo fedha za sehemu hii. Kiwanda cha korosho kilichojengwa Kilifi katika miaka ya 1970 kilikuwa kikizinunua. Kilipoanguka katika miaka ya 1990, wakulima walibaki na miti na bei ya dalali. Mikanju mingi mnayoiona ni ya enzi zile, imezeeka, na maua yake yanashambuliwa na ubwiri unga, ule ugonjwa wa vumbi jeupe. Mimi huumia kuiona imekatwa kuwa kuni na makaa, lakini siwezi kumlaumu mtu aliyeingoja bei kwa miaka yote hiyo.

Mteremko wa kuingia Mavueni mtaukuta na jua la jioni mgongoni. Shikeni breki, kwa sababu malori ya mawe hutumia njia hiyo hiyo. Kisha ni daraja la Kilifi, lililofunguliwa mwaka 1991 kuchukua nafasi ya kivuko, na siku imekwisha.

Mchangiaji wa Kisauni

Bwana mwanzisha uzi, shukrani kwa maelezo haya yaliyokamilika. Mimi nina baiskeli ile nzito ya kawaida isiyo na gia, yenye keria nyuma, ambayo huitumia kupeleka mikate kila siku. Je, naweza kuifuata njia hii, au ni ya wenye baiskeli za bei kubwa pekee? Swali la pili: umetaja jua, lakini hukutaja upepo, ilhali sisi tunaotumia barabara ya Malindi tunajua kwamba upepo unaweza kumrudisha mtu nyuma.

Mwanzisha uzi

Ndugu yangu, ni njia yako hasa. Wanaopeleka madumu ya maji na magunia ya makaa huko bara hutumia baiskeli hiyo hiyo, na wanapofika kwenye mlima hushuka na kuisukuma bila kuona haya. Wewe unayebeba mikate kila siku umeshazoea uzito, kwa hiyo safari bila mzigo itakuwa nafuu. Mwenye gia atapanda Rabai akiwa amekaa na wewe utapanda ukitembea, na nyote mtafika wakati mgema yuko juu ya mnazi. Kagua tu breki zako, maana za fimbo huchoka upesi kwenye mteremko mrefu, na mnyororo uwe umekazwa.

Jambo la kuogopa zaidi ni mbigili. Ukiiacha lami na kuingia vijia vya shamba, miiba yake hujificha mchangani, na pancha moja inaweza kuwa na matundu matatu. Chukua tyubu ya akiba, viraka, gundi na bomba. Unapoziba, pitisha vidole polepole ndani ya tairi lote kabla ya kurudisha tyubu, kwa sababu mwiba uliobaki utaitoboa tena kabla hujafika kwenye kona. Mafundi wa baiskeli wapo Mazeras na Kaloleni, lakini katikati yake usimtegemee mtu.

Kuhusu upepo, umeuliza swali la maana sana. Kuanzia mwezi wa 4 hadi wa 9 ni kusi, na anayekwenda kaskazini anaupata mgongoni au ubavuni. Kuanzia mwezi wa 11 hadi wa 3 ni kaskazi, na utakupiga usoni, hasa mchana. Miezi ya 7 na 8 ndiyo ninayoipenda mimi: mvua ya masika imekwisha, hewa si ya moto sana, kusi inasukuma, na mahindi yanavunwa. Lakini anayependa maembe na korosho itambidi avumilie kaskazi, kwa sababu ngowe, boribo na dodo huiva wakati huo. Mwezi wa 5 sikushauri hata kidogo. Vijia vinageuka tope na mgema mwenyewe hupanda kwa hofu, maana shina huteleza.

Mchangiaji wa Kaloleni

Nimeusoma uzi huu kwa makini kwa sababu mashamba mnayoyazungumzia ndimo nilimozaliwa na ndimo ninamolima. Kaka yangu mwanzisha uzi amesema kweli kuhusu saa zetu, lakini nataka kuongeza mambo ambayo mtu wa baiskeli hawezi kuyaona akiwa barabarani.

La kwanza ni kwamba minazi hiyo mnayoisifia ni mizee. Mnazi mrefu wa kwetu huanza kuzaa baada ya miaka sita au saba na huishi zaidi ya miaka 60, na mingi iliyo katika boma letu ilipandwa na babu. Mti ukishapita umri wake unarefuka, lakini nazi zinapungua, na wakwezi wanakataa kuupanda. Vijana wanaoweza kupanda mnazi wanapungua pia, kwa sababu bodaboda inaleta pesa bila mtu kuhatarisha uti wa mgongo wake. Sisi tumeanza kupanda ile mifupi inayozaa mapema, lakini wazee hawaiamini, na nazi yake wanasema haina tui la kutosha.

La pili, mkipita mwezi wa 8 ingieni bomani mpige hodi, muombe kuonyeshwa lutsaga. Ni dari ya miti tunayoijenga juu ya meko ya jikoni, ambamo mahindi huhifadhiwa yakiwa na maganda yake, na moshi wa kila siku huyakinga na fukusi. Mahindi ya chini hukaa juu ya moto ule ule unaopika chakula cha leo, na mbegu za msimu ujao huchaguliwa humo humo. Mama yangu huzichagua mwenyewe, hufungua ganda kidogo, hupima punje kwa kidole gumba, kisha hulifunga tena gunzi na kulirudisha mahali pake. Hata sisi tunaonunua mbegu ya Pwani Hybrid bado tunaweka mahindi ya kienyeji humo, kwa sababu ganda lake hufunika gunzi lote hadi nchani na mdudu hapati mlango.

La tatu ni ombi. Msimpige mgema picha bila kumuomba, wala mtu aliyeinama akipalilia. Na dafu mlinunue shambani, siyo mjini.

Mwanzisha uzi

Dada yangu, ahsante sana, na Mungu akubariki wewe na mama. Maneno yako kuhusu lutsaga yanathibitisha kwa nini nasisitiza kusimama. Hakuna mtu anayeonyeshwa jiko la mwenye boma akiwa amevaa kofia ya plastiki na mguu mmoja juu ya pedeli. Anayetaka kukaribishwa ashuke, avue kofia, apige hodi, asalimu wazee kwanza, aulize habari za mvua, na asubiri. Shambani salamu ndefu ndiyo tiketi, na saa zile za kivulini, tangu saa tano hadi saa tisa, ndizo saa ambazo mwenyeji ana nafasi ya kumpokea mgeni. Hiyo ndiyo sababu nyingine ya kutozipita mkikimbilia Kilifi.

Ombi lako kuhusu dafu nalitilia mkazo kwa sababu ya fedha na kwa sababu ya mwili pia. Dafu likiwa limeanguliwa asubuhi ile ile lina maji mengi na potasiamu nyingi, lakini sodiamu yake haitoshi kwa mtu anayetoka jasho siku nzima, na ndiyo maana nilisema mihogo itiwe chumvi. Mwenye shamba akikuangulia dafu, mlipe ile bei ambayo ungelipa mjini, kwa sababu mkwezi naye anadai chake kwa kila mti anaoupanda. Na mkiulizwa ni mihogo ya aina gani mnataka, tajeni kibandameno. Ni mitamu, huiva haraka, na haina ule uchungu unaodhuru.

Mchangiaji wa Likoni

Sisi ni akina mama wachache tunaoendesha pamoja siku za Jumapili. Tungependa kuijaribu njia hii, lakini tuna wasiwasi juu ya kurudi, kwa kuwa wengine wetu lazima wawe nyumbani Jumapili usiku na feri nayo inatungoja. Je, hakuna namna ya kuifupisha bila kuiharibu?

Mwanzisha uzi

Bi mkubwa, ipo, na pengine ni bora kwa safari ya kwanza. Vukeni feri alfajiri, mpande matatu na baiskeli hadi Mazeras, muendeshe Rabai na Kaloleni kwa saa zile zile nilizozitaja, mpumzike Kaloleni hadi saa tisa, kisha mrudi Mazeras kwa njia ile ile. Marudio yenu yatakuwa mteremko zaidi ya mpando, na mtawakuta wagema wakipanda kwa zamu ya jioni, kwa hiyo hamtapoteza sehemu iliyo bora. Kutoka Mazeras msiendeshe kuja mjini jioni; malori ni mengi na mwanga ni mchache. Pandeni tena matatu, na mkubaliane nauli ya baiskeli kabla haijafungwa juu.

Wale watakaokwenda hadi Kilifi walale huko, na warudi kesho yake asubuhi kwa barabara ya Malindi kupitia mashamba ya katani ya Vipingo. Ni safu za katani hadi upeo wa macho, na hayahitaji kusimamwa kwa muda mrefu, kwa sababu wenye shamba hawako hapo. Barabara hiyo imekuwa ikipanuliwa, na penye ujenzi vumbi huwa jingi na ukingo hubadilika, basi vaeni kitu cha kung'aa na msipande wawili wawili sambamba.

Kila mmoja wenu abebe maji lita mbili, chumvi kidogo katika karatasi, viraka, na noti ndogo ndogo za kununulia madafu, kwa sababu shambani hakuna chenji.